Mashine ya CPAP: uchague barakoa ipi ili uweze kulala nayo

Usiku wa tatu tangu nianze kutumia mashine ya CPAP, ile ya kumpulizia hewa mtu anayekatika pumzi usingizini, niliamka kwenye saa tisa nikaikuta barakoa miguuni mwa kitanda, mashine ikipuliza hewa kwenye shuka. Sikumbuki kuivua. Mke wangu alikuwa macho. "Baba Neema, umeitupa tena," aliniambia, "na kukoroma kumerudi vilevile." Kulipokucha nikaifungasha mashine kwenye begi lake nikaisukumia chini ya kitanda. Ilikaa huko wiki 6.

Mashine ilikuwa nzima, na presha niliyoandikiwa ilikuwa sahihi. Kilichonishinda ni barakoa. Nilipewa ya uso mzima kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani siku ile, na mimi nalala kifudifudi, pua yangu inapita vizuri, na chumba changu Tabata, Dar es Salaam, hakina kiyoyozi. Hakuna aliyeniuliza hata moja kati ya hayo. Tangu nibadilishe, nalala na mashine usiku kucha, na sisinzii tena kwenye usukani nikiwa foleni asubuhi. Watu wengi hulinganisha mashine kwa mashine na bei kwa bei, halafu barakoa wanachukua yoyote. Ningekuwa wewe ningeanza na barakoa.

Kwa ambaye ndiyo kwanza ametoka hospitali na karatasi ya majibu: ugonjwa huu wa kukosa pumzi usingizini hutokea misuli ya koo inapolegea, ulimi na nyama laini za nyuma ya kinywa zikaziba njia ya hewa. Pumzi hukatika kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo unamshtua mtu, anavuta hewa kwa kishindo, kisha mambo yanarudi palepale. Namba iliyo kwenye karatasi yako inaeleza pumzi ilikatika au kupungua mara ngapi kwa saa moja. Kuanzia 5 hadi 15 ugonjwa ni hafifu, 15 hadi 30 ni wa kati, na zaidi ya 30 ni mkali. Mimi nilikuwa na 41. Mashine ya CPAP haifanyi kitu zaidi ya kupuliza hewa yenye presha inayotosha kulishikilia koo lisizibe. Daktari Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, walipotangaza njia hii mwaka 1981, hewa waliipitisha puani tu. Barakoa za kufunika na mdomo zilikuja baadaye, na hilo lina maana kwenye uchaguzi wako.

Jipime pua kwanza

Lala chali kitandani, funga midomo, pumua kwa pua kwa dakika chache. Ukiona unatafuta hewa kwa mdomo kabla hata dakika haijaisha, nenda kwa daktari wa pua kabla ya kwenda dukani. Inaweza kuwa mafua ya mzio, na hapa kwetu vumbi na ukungu wa kuta havikosekani. Inaweza kuwa nyama zilizoota puani, au ukuta wa katikati uliopinda. Mafua ya mzio mara nyingi hutulia kwa dawa ya kupuliza puani anayoandika daktari, pamoja na kuosha pua kwa maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Nasisitiza hili kwa sababu mtu mwenye pua iliyoziba huambiwa moja kwa moja achukue barakoa ya uso mzima, kumbe pua ingefunguka na angeweza kutumia kitu chepesi zaidi.

Barakoa tatu, uso kwa uso

Ya uso mzima inaanzia kwenye mwamba wa pua hadi chini ya mdomo wa chini. Faida yake ni moja na ni kubwa: ukiachama usiku, hewa haikimbii, kwa kuwa mdomo nao umo ndani. Kwa mtu ambaye pua haipiti na haitibiki, hiyo ndiyo yake. Lakini ina gharama zake. Sehemu inayogusana na ngozi ni ndefu, kwa hiyo sehemu za kuvuja ni nyingi, na hewa inayovuja kwa juu huingia machoni. Unaamka macho mekundu kama uliyekesha jikoni kwenye moshi wa kuni. Ukigeukia ubavu, mto unaisukuma. Ukilala kifudifudi ndiyo usiseme. Mwezi wa pili hapa Dar jasho linakusanyika chini ya sponji, yaani ile sehemu laini ya barakoa inayogusa ngozi, na barakoa inaanza kuteleza. Pia inaweza kukisukuma kidevu nyuma, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya watumiaji wengi wa barakoa hii wahitaji presha kubwa kuliko wangetumia puani. Na mtu mwenye hofu ya kufunikwa uso ataiona ngumu zaidi kuliko zote. Kuna jambo la hatari nalo: asiyeweza kuivua mwenyewe, kwa mfano mgonjwa wa kiharusi mwenye mikono dhaifu, au anayetapika mara kwa mara, asiivae bila daktari kujua, kwa sababu matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Barakoa ya pua ni ya pembetatu na inafunika pua peke yake. Zipo za kisasa ambazo hazipandi kabisa kwenye mwamba wa pua. Zinakaa chini yake tu. Hii ndiyo ningempa mtu aliyeandikiwa presha ya juu, kwa sababu hewa inaingia kwanza kwenye kile chumba cha barakoa ndipo inapita puani, haipigi moja kwa moja. Shemeji yangu wa Njombe anatumia hii kwa presha ya 14 na halalamiki. Dada yangu mkubwa naye anayo. Yeye alisumbuliwa na nywele: mikanda ilikuwa ikiteleza juu ya kilemba cha satini, na kila akiamka barakoa imepanda kwenye paji la uso. Sasa anavaa mikanda kwanza juu ya nywele zilizosukwa, kisha kilemba kinafuata juu yake bila kukazwa. Fundo la rasta akilishusha hadi kisogoni linaizuia mikanda isipande. Mambo haya hayamo kwenye kitabu cha maelekezo.

Vipira vya puani ndivyo ninavyotumia mimi. Ni vipira viwili vya silikoni, laini kama chuchu ya chupa ya mtoto, vinavyokaa kwenye mlango wa matundu ya pua bila kuingia ndani sana. Usoni hapana kitu kingine isipokuwa mikanda miwili myembamba. Navaa miwani nikasoma, ndevu zangu hazivujishi hewa, na nikilala kifudifudi na uso pembeni, mto haugusi kitu. Ubaya wake ni kwamba wiki ya kwanza matundu ya pua yalikuwa yakiwaka, na nilifikiri nimekosea tena. Kumbe nilichukua saizi ndogo. Vikiwa vidogo mno unakaza mikanda ili visivuje, na ukikaza vinachubua. Nilipopanda saizi moja, kidonda kikapona. Presha ikiwa juu, baadhi ya watu huona hewa inapiga puani kama feni ya kiwandani. Hao warudi kwenye barakoa ya pua.

Hizi mbili za pua zina adui mmoja, nao ni mdomo. Ukiuachia usiku, hewa inaingia puani na kutokea mdomoni, unaamka koo limekauka na mashine inaonyesha kuvuja kwingi. Upo mkanda wa kidevu, wa kitambaa, unaolishikilia taya lisidondoke. Wengine unawasaidia, wengine hauwasaidii hata kidogo. Usizibe mdomo kwa plasta kwa kusikia tu kwamba kuna aliyefanya hivyo. Muulize daktari wako kwanza, hasa kama pua yako huziba ghafla usiku.

Kuhusu kujaribu dukani: usikubali kupimwa umesimama. Omba ulale, mashine iwashwe kwenye presha yako, ukae nayo robo saa, ugeuke ubavu huu na huu. Uso wa mtu aliyesimama si uso wa mtu aliyelala, mashavu yanahama. Mikanda ikazwe mtu akiwa amelala na hewa ikiwa inapuliza, kwa sababu sponji hujaa hewa ndipo inaziba. Ukikaza kupita kiasi unaikunja, na inavuja zaidi. Muulize muuzaji kama sponji au vipira vya akiba vinapatikana mjini kwako, maana hivyo huchakaa mapema kuliko mashine, na vile vya barakoa ya uso mzima kwa kawaida ndivyo vya bei zaidi. Tazama pia kama mikanda inafungwa kwa sumaku. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au chuma fulani kichwani au kifuani, asizitumie. Achague zenye ndoano za plastiki.

Na uso uoshwe kwa sabuni kabla ya kuvaa. Mafuta ya mgando na ya nazi tunayojipaka usiku huifanya silikoni iteleze, na yanaiharibu haraka.

Chandarua, dawa ya mbu na udi

Nimeona maelezo mengi ya kuchagua barakoa na sijaona hata moja linalotaja chandarua, wakati sisi tunalala ndani yake kila siku. Bomba la hewa likitokea mbele ya uso, kama ilivyo kwa barakoa nyingi za uso mzima, linavuta chandarua kila ukigeuka, na kinachomoka chini ya godoro. Zipo za pua na za vipira ambazo bomba linaungia utosini. Hizo ndizo za mtu wa chandarua. Mimi nimefunga kitanzi cha utepe kwenye upande wa kichwani, bomba linapita humo, kisha linashuka hadi kwenye kigoda ilipo mashine. Kigoda kiwe chini kuliko godoro, ili maji ya kwenye kitangi au yanayojikusanya ndani ya bomba yasikimbilie puani.

Mashine inavuta hewa ya chumba chako na kukuletea ilivyo. Ukiwasha dawa ya mbu ya kuzungusha karibu nayo, moshi wote unapumulishwa kwa nguvu usiku kucha, na filta ile nyembamba haiuzuii. Udi na ubani vilevile, na dawa ya kupuliza ya wadudu. Nyumbani kwetu tunafukiza alasiri, madirisha wazi, na kufika saa tatu usiku chumba kimeshatulia. Filta naitazama kila Jumamosi. Ya kuosha inaoshwa, ya kutupa ikiwa ya kijivu inatupwa.

Kitangi cha maji: pwani na milimani

Kitangi kinachopasha maji moto huongeza unyevu kwenye hewa ili pua isikauke. Hapa shemeji na mimi hatufanani kabisa. Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, hewa yenyewe imeshajaa unyevu. Mimi nakiweka ngazi ya chini, na wakati wa masika nakizima. Ila ukilala na kiyoyozi, hewa inakauka, na hapo utakihitaji. Kwa shemeji, Njombe mwezi wa sita na wa saba, kinahitajika kweli, lakini kinakuja na kero nyingine: hewa ya moto yenye unyevu ikipita kwenye bomba la baridi inageuka matone, na usiku wa manane yanamwagika puani. Alidhani mashine imeharibika. Alichofanya ni kulivisha bomba shati kuukuu la sufi alilolishona kama soksi ndefu, na kushusha unyevu ngazi moja. Bomba lenye waya wa kujipasha ndani linafanya kazi hiyohiyo, kwa bei yake. Kama unaishi nyanda za juu na pesa ipo, lichukue. Ukiwa pwani usilinunue.

Maji yawe yaliyokenekwa (distilled), ya duka la dawa. Usitumie maji ya betri ya gereji. Kwenye rafu hiyohiyo kuna chupa za asidi zinazofanana nayo. Ukikwama, maji yaliyochemshwa yakapoa yanakuvusha usiku mmoja au miwili, lakini kuchemsha hakuondoi chumvi, na maji ya kisima ya maeneo mengi ya Dar yataacha ukoko mweupe. Ukoko huo unatoka kwa kuloweka kitangi kwenye siki sehemu moja na maji sehemu 10, kisha kukisuuza vizuri. Maji yaliyobaki asubuhi yamwagwe, kitangi kianikwe.

Mashine yenyewe

Hapa sitakaa sana. Kuna ya presha moja usiku kucha, na kuna inayojirekebisha yenyewe kati ya kiwango cha chini na cha juu alichoweka daktari. Kwa wagonjwa wa kawaida wa koo kuziba, zote mbili zinatibu vizuri. Inayojirekebisha ina nafuu kwa mtu ambaye ugonjwa wake unabadilika sana akilala chali, au anayepungua uzito. Ya ngazi mbili, yenye presha kubwa ya kuvuta na ndogo ya kutoa, ni ya ghali na ina wagonjwa wake. Usiinunue kwa kudhani ghali ndiyo bora. Mwenye ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi, au wa mapafu, asichague yoyote kati ya hizi bila mtaalamu.

Yoyote utakayochukua, hakikisha ina vitu viwili: kuanza na presha ndogo na kupanda polepole wakati unatafuta usingizi, na kupunguza presha kidogo wakati unatoa pumzi. Bila hivyo, usiku wa kwanza utahisi umetoa kichwa nje ya dirisha la basi la mkoani.

Ukiletewa ya mtumba na ndugu wa Marekani, Uingereza au Oman, soma jina na namba iliyo chini yake kabla ya kuiwasha. Mwezi Juni 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mamilioni ya mashine zake, zikiwemo nyingi za DreamStation za kizazi cha kwanza, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyo ndani inaweza kumomonyoka ikaingia kwenye njia ya hewa. Mashine hizo bado zinazunguka mikononi mwa watu. Soma pia kibandiko cha adapta: kikiandikwa 100–240V, inafaa soketi zetu, unahitaji plagi tu. Na muulize daktari aipange upya. Presha ya aliyekuwa nayo si yako.

Umeme ukikatika saa nane usiku, kitangi na bomba la kujipasha ndivyo vinavyokula betri. Ukivizima, betri ileile inadumu muda mrefu zaidi. Mwenye sola au betri ya volti 12 anunue waya wa betri uliotengenezwa kwa ajili ya mashine yake, kwa kuwa mashine nyingine zinatumia volti 24. Na usihofu kukosa hewa umeme ukizimika: barakoa zina matundu ya kutolea hewa, na ya uso mzima ina kilango kinachofunguka mashine ikisimama. Utaamka, utaivua.

Kuzoea

Nilijaribu njia zote mbili. Mara ya kwanza nilivaa usiku mzima kwa kujikaza, na mliona ilipoishia. Mara ya pili nilianza na sebuleni. Saa mbili usiku, taarifa ya habari ikiwa hewani, nilishika vipira kwa mkono puani mashine ikiwa imewashwa, bila mikanda. Siku ya tatu nikafunga mikanda. Neema alikuwa akinicheka siku ya kwanza. Ya pili akaacha kuona. Wiki hiyo nililala nayo mchana baada ya chakula Jumamosi na Jumapili, ndipo nikaipeleka chumbani. Usiku wa kwanza nililala nayo kwa muda wa saa 3, wa tano kwa muda wa saa 5, na baada ya wiki mbili hivi nikawa naamka nayo. Ukiamka ukakuta umeivua, ivae tena palepale, hata kama imebaki saa moja kwenda alfajiri. Na tumbo likijaa hewa asubuhi, usivumilie kimya. Mwambie daktari, presha inaweza kushushwa kidogo.

Duka halikukubali kuirudisha ile ya uso mzima, na kwa kuwa nilishaivaa, nawaelewa. Ipo kabatini, imeoshwa, ndani ya mfuko wa kitambaa. Pua ikiziba kwa mafua, naitoa, nabadilisha aina ya barakoa kwenye menyu ya mashine, nalala chali kwa usiku huo mmoja au miwili, kisha narudi kwenye vipira vyangu.